Sauti inanipwea kabla ya wimbo wa tatu: nianze na mazoezi gani?

Swali: "Mimi ni msichana wa miaka 24, nakaa Umoja, Nairobi. Nilijiunga na kwaya ya kanisa miezi 3 iliyopita nikawekwa kwenye alto, yaani sauti ya pili. Kila Jumapili tukifika wimbo wa pili sauti inaanza kukwaruza, na Jumatatu imenipwea kabisa. Pesa za mwalimu sina. Chumba ninachokaa kina kuta nyembamba, nikipaza sauti kidogo jirani anasikia. Kwa siku naweza kupata kama dakika 20. Kuna mazoezi rahisi ninayoweza kuanza nayo mwenyewe?"

Jibu: Dada, yapo, na hizo kuta nyembamba zitakusaidia kuliko unavyodhani. Mazoezi yanayomfaa anayeanza, karibu yote, hufanywa kwa sauti ndogo, ile ya kuzungumza na mtu mliyekaa naye meza moja. Kwa maelezo yako, sidhani kama una sauti dhaifu. Inaelekea unaimba huku umekaza koo, na koo lililokazwa dakika 10 mfululizo huchoka hata likiwa la mwimbaji mzoefu.

Elewa kwanza kinachotokea humo ndani, ndipo utakapojua mwenyewe lini uendelee na lini uache. Ndani ya koromeo kuna nyuzi 2 za sauti: mikunjo ya misuli iliyofunikwa na utando laini wenye unyevu. Za mwanamke mzima hazifiki hata sentimita 2 kwa urefu. Hewa inayotoka mapafuni hupita katikati yake na kuzifanya zigongane. Ukiimba ile A iliyo juu ya C ya kati ya kinanda, zinagongana mara 440 kwa sekunde moja. Katika wimbo wa dakika 4 hiyo ni migongano makumi ya maelfu. Zikigongana kwa wepesi, hazina neno. Ukisukuma hewa nyingi kwa nguvu huku shingo imekazwa, zinagongana kwa kishindo, utando unavimba, na uzi uliovimba hautetemeki sawasawa. Kule kukwaruza unakokusikia kwenye wimbo wa pili ni dalili kwamba zimeanza kuchoka na kuvimba.

Kwa hiyo mwezi wa kwanza una kazi moja: kuifundisha pumzi ibebe mzigo ambao koo limekuwa likiubeba.

Lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, na uweke kitabu kizito kiasi juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua. Kitabu kiinuke, kifua kitulie. Fanya hivyo dakika 2 tu, mpaka mwili ukumbuke jinsi unavyopumua ukiwa usingizini. Kisha simama, miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yasikazwe, na ushike mbavu za chini kwa mikono yote miwili, vidole gumba nyuma. Vuta hewa kwa mdomo ukihesabu hadi 4, mdomo ukiwa umeumba "o", bila mlio wowote. Pumzi yenye mlio inakuambia kwamba koo limebanwa hata kabla hujaimba. Sasa itoe kwa "sss" laini isiyopanda wala kushuka, sekunde 12. Pumzika, rudia mara 3. Kila wiki ongeza sekunde 2 hivi, hadi ufike 20 na kitu. Hakuna haja ya kushindana kufika 40. Virai vingi vya nyimbo za kwaya havizidi sekunde 10.

Wengi hukosea mahali pamoja: "sss" yao huanza kwa kishindo kama tairi lililotobolewa, sekunde 3 za kwanza zikala nusu ya hewa, na mwisho wake ukawa wa kujikamua. Dawa yake ni kuziacha mbavu zibaki wazi, kana kwamba bado unavuta hewa, na tumbo pekee ndilo liingie ndani polepole. Utalihisi jambo hilo mikononi. Mbavu zikianguka mara moja, simamisha, anza upya. Kosa jingine ni kujaza mapafu hadi pomoni. Mapafu yaliyojaa kupita kiasi yanataka kutoa hewa yenyewe, na anayeizuia ni shingo, kwa hiyo jaza robo tatu tu. Ukiona kizunguzungu, kaa chini upumue kawaida. Kama umetoka pwani hivi karibuni, usishangae pumzi ikiwa fupi siku za mwanzo: Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa.

Hapa niseme jambo ambalo utalisikia kwaya nyingi: "Imba kutoka tumboni!" Anayelisema ana nia njema, lakini maneno hayo yameumiza makoo mengi, kwa sababu anayeanza huyasikia na kukaza tumbo kama anayeinua gunia. Kiwambo, ule msuli uliotandazwa chini ya mapafu, ni msuli wa kuvutia hewa ndani. Kazi yako wakati wa kuimba ni kuuachia taratibu. Ukilibana tumbo kwa ghafla unarusha hewa yote juu kwa mpigo, na nyuzi zinalazimika kujikaza ili kuizuia. Ndiyo migongano ya kishindo ile tuliyoitaja.

Sasa zoezi ambalo, kama ungekuwa na nafasi ya moja tu, ningetaka ulichague hili: brrr. Ni ule mlio wa mtoto anayeigiza gari, midomo ikitetemeka. Ilegeze midomo, weka vidole viwili viwili kwenye mashavu uyainue kidogo, kisha pumua nje kwa mlio: brrrrr. Anza kwenye sauti unayozungumzia, shika sekunde 4. Ikienda vizuri, iteleze kutoka juu kushuka chini kama king'ora kinachozimika, kisha panda na kushuka. Dakika 3 hadi 5 zinatosha. Midomo ikikataa kutetemeka, sababu ni moja kati ya 3: hewa ni kidogo, midomo imekazwa, au midomo imekauka (ilambe, ujaribu tena). Ikitetemeka chini lakini ikakatika ukipanda, umepunguza hewa mahali ulipopaswa kuiachia iendelee.

Mrija hufanya kazi hiyo hiyo, na kwa jirani yako ni kimya zaidi. Tia maji nusu bilauri, zamisha ncha ya mrija wa soda sentimita 2 au 3, funga midomo kuuzunguka, na uimbe "uuu" ndani yake ili mapovu yatoke mfululizo. Jaribio la kujua kama unafanya sawa: bana pua kwa vidole. Sauti isibadilike hata kidogo. Ikikatika au ikibadilika, hewa ilikuwa inatorokea puani. Mtafiti wa sauti Ingo Titze wa Marekani ameeleza kwa kina kwa nini njia hii inasaidia: tundu jembamba la kutokea hurudisha sehemu ya mgandamizo wa hewa nyuma, juu ya nyuzi, nao unazisaidia zitetemeke bila kugongana kwa nguvu. Unapata mazoezi ya misuli pasipo gharama ya migongano. Ndiyo maana waimbaji waliochoka hutumia mrija baada ya kuimba pia, si kabla tu.

Baada ya hapo, mmm. Midomo imefungwa, meno yameachana ndani, ulimi umelala. Shuka noti 5, so-fa-mi-re-do, polepole. Unatafuta mtekenyo kwenye midomo na mfupa wa pua. Ukiusikia kooni badala ya usoni, umeanza chini mno au kwa uzito mno.

Kiswahili kimetupa zana hapa ambazo mwanafunzi wa lugha nyingine hutengenezewa na mwalimu. Chukua neno "mto". Hiyo "m" ni silabi kamili, inabeba noti yake yenyewe. Imba "m" kwenye so, ishike sekunde 2, kisha "to" kwenye do. Utaona "o" inatoka mahali pale pale mtekenyo ulipokuwa. Fanya hivyo na "mtu", "mchana", "mpenzi". Wanakwaya wengi huimeza hiyo "m" au huitangulizia "u" isiyokuwepo, na silabi inapotea.

Halafu kuna "ng'". Tamka "ng'ombe" lakini usifike kwenye "o". Baki kwenye ng' uisikie ikivuma puani. Shuka noti 5 kwa ng', na kwenye noti ya mwisho ifungue iwe "a": ng'ng'ng'-aaa. Wakati wa ng', kaakaa laini, ile sehemu ya nyuma ya paa la mdomo, imeshuka na kugusana na ulimi. Ukifungua "a" inapanda, na nafasi ya nyuma ya mdomo inapanuka. Bana pua tena ukague: kwenye ng' sauti inapaswa kuzimika kabisa, na kwenye "a" isibadilike. Ikibadilika kwenye "a", kaakaa haikupanda, na hiyo ndiyo sauti ya puani ambayo mwalimu wa kwaya hulalamikia bila kueleza tiba yake. Piga mwayo nusu, ule wa kujificha mkutanoni, ujue inavyohisi ikipanda.

Vokali nazo ni 5 tu, safi, hazibadiliki katikati. Kaa kwenye noti moja ya kustarehe na upitishe mi-me-ma-mo-mu bila kukata pumzi. Taya lishuke kwa "a", lirudi kwa "u", lakini ukubwa wa sauti ubaki ule ule. Hapa Nairobi tunaimba sana kwa Kiingereza, na mazoea hayo huingia: "Yesu" inageuka "Yeisu", "moyo" unageuka "mouyo". Kwenye noti fupi haionekani. Kwenye noti ya mapigo 4 kila mwanakwaya hugeuza vokali kwa wakati wake, na kwaya nzima inasikika kama imetoka kwenye tuni, ingawa kila mmoja yuko kwenye noti sahihi. Jitazame kwenye kioo: ukishaiumba "e", midomo isisogee hadi noti iishe. Na "i" usiivute kwa tabasamu pana, inakuwa kali. Isogeze midomo mbele kidogo, kama inayoelekea "u".

Sasa ngazi. Kwaya yako bila shaka inatumia solfa, ule mfumo wa d r m f s uliopangwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 juu ya msingi wa Sarah Glover, wamisionari wakauleta. Kwa hiyo do yako inahama: inaweza kuanza kwenye kibonyezo chochote. Pakua programu ya kinanda kwenye simu, zipo za bure. Wewe wa alto anza na do kwenye A iliyo chini ya C ya kati (huandikwa A3). Imba do-re-mi-fa-so-fa-mi-re-do kwa "ma", kisha sogea kibonyezo kimoja kulia, kiwe cheupe au cheusi, hiyo ndiyo nusu toni. Endelea hadi do ifike F4 (F iliyo juu ya C ya kati), so yake ikiwa C5 (C inayofuata juu yake), kisha rudi chini. Kwa mwezi wa kwanza usipite hapo. Msomaji mwanamume afanye vivyo hivyo oktava moja (ngazi nzima, do hadi do) chini, kutoka A2 hadi do ya F3. Wanaume wengi wanaojifunza kwa video za waalimu wanawake hujaribu kuishika noti kwenye oktava ya mwalimu, wakajiumiza, wakadhani hawana kipaji.

Ukipanda utafika mahali sauti inataka kuvunjika au kugeuka nyepesi. Hapo sauti ya kifua, ile nzito ya kuzungumzia, inakabidhi kazi kwa sauti ya kichwa, ile nyepesi ya juu. Silika itakuambia uongeze nguvu uvuke. Fanya kinyume: punguza ukubwa, rudi kwenye brrr kwa noti hizo hizo, kisha jaribu "ma" tena. Wanaolazimisha sauti ya kifua ipande juu ndio wanaomaliza ibada bila sauti. Kidole gumba chini ya kidevu kitakuambia ukweli: pale panapaswa kuwa laini. Pakigeuka pagumu ukipanda, mzizi wa ulimi umekaza. Imba ngazi hiyo ukiwa umeutoa ulimi nje kidogo juu ya mdomo wa chini. Hautapendeza kwenye kioo, lakini utaachia.

Kwa kuwa unaimba sauti ya pili, ongeza zoezi la sikio. Shikilia do kwenye kinanda cha simu iendelee kulia, wewe imba re juu yake uisikie inavyokwaruzana, kisha mi uisikie inavyotulia. Rudia na fa, na so. Mtu wa alto anayeburutwa na soprano kwa kawaida huwa anazijua noti zake. Hajazoea tu kusimama kwenye noti yake wakati nyingine inalia sikioni, na akianza kupotea huongeza sauti ili ajisikie. Huenda hata kwako uchovu mwingine unatoka hapo.

Spika nazo zina mchango wao. Binadamu yeyote huongeza sauti bila kujijua akizungukwa na kelele. Kanisani, ngoma na kinanda vikifunguliwa sana, unapiga kelele ukidhani unaimba. Muombe fundi mitambo akupunguzie vyombo au akusogezee monita (spika ya mwimbaji kujisikia), na mikrofoni uiweke karibu na mdomo, upana wa vidole 3 au 4. Na uhesabu pia sauti unayotumia nje ya kuimba. Mazungumzo ya dakika 40 ndani ya matatu yenye muziki mkubwa kutoka mjini hadi Umoja yanachosha nyuzi sawa na mazoezi ya kwaya. Anayeshinda soko la Gikomba akiita wateja tayari amekwisha kuimba tamasha zima kabla ya jioni. Siku ya mazoezi, ndani ya matatu nyamaza.

Kuhusu dawa ya tangawizi, limau na asali: inatuliza koo, inywe ukipenda, ila haigusi nyuzi. Chakula na kinywaji hupita kwenye umio, na kinachoingia kwenye njia ya hewa hukufanya upaliwe. Maji nayo hufika kwenye nyuzi kupitia mwili mzima, kwa saa kadhaa, kwa hiyo ya Jumapili anza kuyanywa Jumamosi. Kitu pekee kinachozigusa moja kwa moja ni hewa unayovuta. Mvuke wa maji ya moto kwenye beseni, dakika 5 hadi 10, uso usiwe karibu mno, unafaa hasa asubuhi za baridi za Juni na Julai na siku za vumbi. Yai bichi halina kazi hapa. Nyama choma saa 4 usiku ndiyo ya kuogopa: ukilala na tumbo limejaa, asidi hupanda hadi koromeoni, na asubuhi unaamka na sauti nzito yenye makohozi. Acha saa 3 kati ya mlo na kulala. Usijikohoze kohoze kabla ya kuimba, maana unazigonganisha nyuzi kwa nguvu. Meza mate au kunywa maji. Na sauti ikipwea usinong'one ukidhani unaipumzisha, wengi hukaza koo zaidi wakinong'ona. Nyamaza, au zungumza kidogo kwa sauti ya kawaida.

Dakika zako 20 zigawe hivi: 4 za pumzi, 5 za brrr au mrija, 3 za mmm na "mto", 3 za ng' na vokali, 5 za ngazi na sikio. Siku 5 au 6 kwa wiki. Ukiwa na dakika 9 tu, fanya pumzi na brrr uishie hapo. Jirekodi kwa simu Jumamosi moja baada ya nyingine, ngazi ile ile, kwa sababu sauti unayojisikia kupitia mifupa ya kichwa siyo wanayoisikia wengine. Zoezi lolote likileta maumivu au kuwasha kooni, acha siku hiyo. Usifanye mazoezi juu ya sauti iliyopwea. Na kama ukwaruzaji utaendelea wiki 3 bila kupona, au ukitema damu, au sauti ikatike ghafla katikati ya wimbo isirudi, muone daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali kubwa kama Kenyatta ina kliniki yake. Vinundu vya nyuzi, yaani vivimbe vidogo vinavyoota juu yake, hutibika vizuri zaidi vikigunduliwa mapema, mara nyingi kwa mazoezi na kupumzisha sauti.

Jumapili hii jaribu hivi. Kabla ya kutoka nyumbani, brrr dakika 5 ukivaa. Kanisani imba wimbo wa kwanza kwa nusu ya nguvu ulizozoea, uache wenzako wakubebe. Mkiwa mnaketi kusikiliza mahubiri, kunywa maji, legeza taya. Na ibada ikiisha, kabla hujaingia kwenye salamu na maongezi ya nje, jitenge dakika 3 ufanye mmm na brrr za kuteleza kushuka tu, taratibu, hadi ufike kwenye sauti yako ya kuzungumza.